Shirika, grupu, mshauri ama kozi ya simu? Njia nne za kupata msaada ukiwa umeasili au unalea mtoto wa kambo

Majuzi saa nne usiku simu ikalia, mama mmoja tunajuana kwa mbali, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu amejifungia bafuni (na kweli alikuwa amejifungia bafuni), anasema "dada, mtoto ana wiki tatu kwangu na kila asubuhi nikitandika kitanda nakuta chapati chini ya mto, leo nimekuta na samaki, sasa niende kwa nani?" Nikakosa jibu la neno moja. Manake shirika lililompa mtoto lipo, grupu la WhatsApp ameshaongezwa, kuna mshauri nasaha ambaye pasta wake amemtajia, na vidio za malezi ameangalia mpaka bando likaisha. Kila mmoja anamwambia njoo kwangu. Pesa yake ni ya duka dogo na muda ndo hana kabisa.

Basi nimekaa nikaziweka hizo njia nne kando kwa kando, vile nizijuavyo mimi niliyeasili mtoto hapa Mombasa akiwa na miaka minne, sasa hivi ana kumi na moja na viatu vyake vinanitosha. Naongea kuhusu Kenya, ukiwa Tanzania au Uganda sheria ni zingine ila mtoto anayeficha samaki ni yule yule.

Kabla hatujaanza, maneno kidogo, kwa sababu watu huchanganya sana. Kuasili ni kwa maisha, kunapitia kortini na mtoto anakuwa wako kabisa kisheria. Malezi ya kambo ni ya muda, mtoto yuko kwako chini ya uangalizi wa afisa wa watoto na huenda akarudi kwao (neno lenyewe linasumbua, ukisema "mtoto wa kambo" watu wanadhani umeolewa na mwanamume mwenye watoto). Halafu kuna kafala, njia ya Waislamu ya kulea mtoto bila kumbadilishia nasaba, ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 sasa inaitambua. Na wapo walezi wengi kuliko hawa wote, yaani bibi, shangazi, mjomba, wanaolea watoto wa ndugu bila karatasi yoyote na bila mtu kuwaita kwenye semina. Serikali imejiwekea mpango wa miaka kumi, 2022 mpaka 2032, wa kutoa watoto kwenye makao ya kulelea watoto na kuwarudisha kwenye familia, kwa hivo walezi watazidi kuongezeka, na maswali ya saa nne usiku pia.

Nimezipima kwa nini

Vipimo vyangu ni vitano, na ni vile vile kwa kila njia.

Cha kwanza pesa, na hapo ukihesabu hesabu na nauli na ile siku umefunga duka. Cha pili muda. Cha tatu siri ya mtoto, manake historia yake si yangu kuigawa. Cha nne, je wanaokufundisha wanamjua mtoto wa aina yako? Mtoto uliyemchukua ana miezi miwili na mtoto aliyekuja ana miaka tisa akiwa amepitia makao mawili ni kazi mbili tofauti kabisa, mtu akikupa somo moja kwa wote wawili mshuku. Cha tano ndo mimi nakiweka juu ya vyote hata kama nimekitaja mwisho: huo msaada utakuwepo lini? Kabla mtoto hajaja, miezi ya kwanza, au miaka mitano baadaye? Watu wengi huchagua kwa bei halafu wanakuja kugundua walichonunua kimeisha pale ambapo wao ndo wameanza kukihitaji.

Njia ya kwanza: shirika la kuasili au ofisi ya watoto

Hii kama unaasili hauna uchaguzi, lazima upite, swali ni uitegemee kiasi gani. Shirika lenye leseni ndo linakuhoji, linakuja nyumbani, linaangalia choo na vitanda na kuongea na majirani, na njiani linakupa ushauri na mafunzo. Mashirika hayafanani, mengine yana siku nzima za semina pamoja na wazazi wengine, mengine ni mazungumzo ya ofisini tu, kwa hivo uliza kabla hujajaza fomu. Mtoto akishapewa kwako anakaa si chini ya miezi mitatu mfululizo ndo ombi liende kortini, na hiyo miezi wanakutembelea. Kwa malezi ya kambo anayekuja ni afisa wa watoto.

*Pesa:* Mafunzo yenyewe mara nyingi yako ndani ya ada ya shirika, hautalipia kando. Ulizia ada zote mwanzoni, kwa maandishi.

*Muda:* Hauamui wewe. Ukiitwa Jumanne asubuhi ni Jumanne asubuhi. Ila kwa walioajiriwa kuna kitu wengi hawakijui, tangu mabadiliko ya sheria ya ajira ya 2021 mtu anayeasili ana haki ya likizo ya mwezi mmoja kwa mshahara kamili kuanzia siku mtoto anapokabidhiwa, na unatakiwa umjulishe mwajiri kwa barua siku 14 kabla. Sisi tulichukua mtoto kabla ya hiyo sheria, mimi nilidanganya kazini kuwa nina malaria.

*Siri:* Nzuri sana, faili inafungiwa.

*Wanamjua mtoto wako?* Wao ndo wanaomjua kuliko mtu yeyote, wanajua alipookotwa, alikuwa kituo gani, alilishwa nini, aliugua nini. Waulize yote hayo ukiwa bado una nafasi na uandike kwenye daftari, hata yale yanayoonekana hayana maana. Mimi sikuuliza alikuwa akilala na nani kule makao. Nilikuja kujua baada ya mwezi kuwa walikuwa wawili kitanda kimoja, kumbe kile kilio cha usiku kilikuwa cha kumlilia mwenzake, na mimi nilikuwa nampima joto na kumpa Panadol.

*Utakuwepo lini?* Kabla na miezi ya kwanza. Jaji akishasaini, uhusiano wenu kwa kawaida unabaki salamu za Krismasi na Idd. Siwalaumu, wana foleni ya watoto wengine. Kwa malezi ya kambo ni afadhali kidogo, uangalizi unaendelea kadiri mtoto yuko kwako.

Sasa kuna jambo moja hapa ambalo halisemwi waziwazi. Yule anayekufundisha ndo yule yule anayekuandikia ripoti. Unakaa nae sebuleni, umepika mahamri, anakuuliza "kwani mnaendeleaje?" na wewe unamwambia alhamdulillahi tuko sawa, na huku asubuhi mtoto amemng'ata mwenzake shuleni mpaka damu na wewe umelia jikoni. Unaogopa ukisema umechoka watamchukua. Mimi nilificha mambo miezi minne nzima. Baadae nikaongea na afisa mmoja mstaafu akanicheka, akasema mzazi anayewatia wao wasiwasi ni yule asiyekuwa na shida hata moja. Lakini siwezi kukwambia kila afisa yuko hivo, wapo ambao ukitoa neno moja wanaandika ukurasa mzima. Ndo maana naiona njia hii ni ya lazima na ni nzuri ila haiwezi kuwa peke yake, unahitaji mahali pengine pa kusemea ukweli.

*Inamfaa nani:* Anayeanza, asiye na mtoto mwingine, na yeyote ambaye bado anajiuliza kama kweli anaweza.

Njia ya pili: grupu la wazazi

Hapa kuna aina mbili. Lile la kukutana, labda mara moja kwa mwezi kwa nyumba ya mtu, chai na viazi karai, watoto wanacheza uwanjani. Na lile la simu, ambalo lina watu mia na ishirini na wanaoongea ni saba.

*Pesa:* Nauli, mchango wa M-Pesa wa shilingi mia mbili, basi. Hakuna kitu cha bei rahisi kama hiki.

*Muda:* Wa simu ni saa yoyote. Ule usiku ambao mwanangu aliniambia kwa mara ya kwanza "wewe si mama yangu", niliandika saa sita na nusu, dakika tatu hazikuisha mama mmoja wa Nakuru akanijibu kwa sauti, hakunifundisha chochote, alisema tu "wangu alisema hivyo hivyo Jumapili, na asubuhi akataka nimfunge kamba za viatu." Nikalala.

*Wanamjua mtoto wako?* Ukipata grupu sahihi wanamjua kama wamemzaa. Mambo ambayo hautaambiwa na ofisi unayapata hapa. Mwalimu amempa mtoto homuwaki ya kuchora mti wa familia, unafanyaje? (Jibu la grupu letu lilikuwa achore mwembe wenye shina mbili, na mwalimu aambiwe kabla, si baada.) Shemeji anasema mbele ya mtoto "damu nzito kuliko maji", unamjibu nini bila kuvunja undugu? Mama mkwe anawapa wajukuu wengine mia na wako hamsini. Mtoto anamuita kila mwanamke "mama", hadi muuza mboga, na watu wanasifu "ana upendo huyu!" kumbe ni alama ya mtoto aliyelelewa na mikono mingi na hajui bado yupi ni wake.

*Siri:* Hapa ndo panavuja. Watu wanatuma picha ya mtoto na hadithi yake yote, mamake mzazi alikuwa hivi, alipatikana pale. Skrinshoti haichukui hata sekunde. Nilijitoa kwenye grupu moja, sitalitaja, baada ya kukuta kisa cha mwanangu kinasimuliwa na mtu sijawahi kumuona, amebadilisha tu mtaa. Kenya tuna sheria ya kulinda data ya 2019 inayosema habari za mtoto zisishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, lakini nani atampeleka admini kortini? Kinga ni wewe mwenyewe. Uliza swali kuhusu tabia, usitaje jina, usitume picha, usitaje kituo alichotoka. "Nina mvulana wa miaka saba anayeiba sukari" inatosha, majibu yatakuja.

*Utakuwepo lini?* Hii ndo njia pekee kati ya zote nne ambayo nimeiona ikidumu miaka. Lakini inadumu kwa mgongo wa mtu mmoja au wawili, admini akichoka au akihamia Qatar kikazi linakufa na matangazo ya mitumba yanaingia.

Na kuna ubaya wake mwingine, ushauri mbovu unatembea mbio kuliko ule mzuri. Utaambiwa mchape kidogo atanyooka. Utaambiwa ana pepo la ukoo, mpeleke akaombewe. Mtoto aliyewahi kupigwa na watu wazima kabla hajakufikia, ukimpiga haumfundishi kitu, unamthibitishia tu kile alichokuwa akikiogopa. Kwenye grupu zuri utaona mtu akisema upuuzi kama huo wazee wa grupu wanamrekebisha kwa upole saa hiyo hiyo. Kaa kimya wiki mbili usome kwanza, ndo uamue kama unabaki.

*Inamfaa nani:* Anayelea peke yake, aliyezungukwa na ndugu wasiomuelewa, na hasa hawa kina bibi na shangazi. Hawa hawana shirika, hawana jaji, hawana faili. Bibi mmoja jirani yangu analea wajukuu watatu wa marehemu binti yake na mafunzo aliyowahi kupata maishani ni yale ya chama chao cha akina mama siku moja mzungumzaji alipoamua kuongea kuhusu watoto waliofiwa.

Njia ya tatu: mshauri nasaha, ana kwa ana

*Pesa:* Ndo inayokimbiza watu. Kwa binafsi, sesheni moja inakula shopping ya wiki, na moja haitoshi. Hospitali kubwa za serikali zina huduma za afya ya akili kwa bei ya chini, hapa Pwani wengi hupelekwa Coast General, ila foleni ipo na huenda ukaonwa na mtu tofauti kila mara. Uliza pia kanisani, msikitini, na kwenye vyuo vinavyofundisha ushauri nasaha, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakiwa na msimamizi wao huchaji kidogo sana au bure.

*Muda:* Saa moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, pamoja na safari. Kwa mtu wa Garsen au Faza hiyo ni safari ya siku, tuseme ukweli tu, haiwezekani kila wiki. Wengine siku hizi wanaongea nao kwa simu ya vidio na kwa mzazi inafanya kazi vizuri, kwa mtoto mdogo si sana.

*Siri:* Kuliko njia zote.

*Wanamjua mtoto wako?* Inategemea kabisa umempata nani, na hapa nitakaa kidogo manake nimechoma pesa yangu. Wa kwanza niliyempata alikuwa mtu mzuri, ofisi safi, lakini kazi yake ilikuwa ndoa na wanafunzi wanaoogopa mtihani. Alimkalisha mwanangu, wakati huo ana miaka mitano, kwenye kiti kikubwa akamuuliza "unajisikiaje kuhusu mama yako wa kwanza?" Mtoto akaangalia feni dakika arobaini. Mwisho nikaambiwa namdekeza. Wa pili alikuwa na mkeka, wanasesere, mchanga kwenye beseni, hakumuuliza chochote, alicheza nae, na mimi akanikalisha pale pale niangalie. Siku ya tatu mtoto akamzika mwanasesere kwenye mchanga, akamfukua, akamzika tena, mara nyingi sana. Yule mshauri akaniambia tumuache. Sikuelewa ila usiku ule alilala mpaka asubuhi.

Kwa hivo kabla hujalipa uliza. Una leseni? (Tangu sheria ya 2014 washauri na wanasaikolojia wana bodi yao ya kuwasajili, anayestahili hatakasirika ukimuuliza.) Umewahi kufanya kazi na watoto waliotoka makao au walioasiliwa? Unamuona mtoto peke yake au na mzazi? Kwa mtoto mdogo ambaye shida yake kubwa ni kumuamini mzazi mpya, mimi ningetaka mshauri anayeniweka na mimi chumbani, siyo anayeniacha koridoni nasoma gazeti la mwaka jana.

*Utakuwepo lini?* Wakati wowote unaoweza kulipa. Hiyo ndo nguvu yake na ndo udhaifu wake.

*Inamfaa nani:* Mtoto anayejiumiza, anayeonyesha dalili kuwa aliwahi kudhulumiwa kimwili au kingono, anayekaa kama hayupo. Hayo grupu haliyawezi, msiyapeleke huko. Na pia inamfaa mzazi mwenyewe, hili wengi hawalifikirii. Umesubiri mtoto miaka, amekuja, watu wamekuletea khanga na zawadi, na wewe unaamka asubuhi huna hamu ya kumuangalia, unajiona mtu mbaya kuliko wote duniani. Hiyo huwapata hata waliozaa, na inawapata walioasili pia, ina tiba, na haimaanishi ulikosea kumchukua.

Njia ya nne: kozi na vidio za mtandaoni

*Pesa:* Bando. Nyingi ni bure, zenye cheti zinalipiwa na kwa dola.

*Muda:* Wako mwenyewe, unasikiliza ukiosha vyombo.

*Siri:* Nzuri, hakuna jirani anayejua unatafuta nini saa nane usiku.

*Wanamjua mtoto wako?* Nusu nusu. Maarufu zaidi kwa wazazi wa kuasili ni ile inayoitwa TBRI (Trust-Based Relational Intervention), ilianzishwa Marekani na Karyn Purvis na David Cross wa chuo kikuu cha Texas Christian, kwa ajili ya watoto waliotoka mazingira magumu. Wanafundisha kwanza mtoto akuamini na mwili wake utulie, ndo uje kwenye kumrekebisha. Moja ya mambo yao ni kumpa mtoto maji na kitu kidogo cha kula kila baada ya masaa mawili hivi, ili mwili usahau njaa. Mimi nilitumia muhogo wa kuchemsha na ndizi. Na yule mama wa samaki ndo nilimwambia hivi: asimkaripie, amwekee sahani yenye kifuniko kando ya kitanda kila usiku, mtoto aijue kuwa ni yake. Ana wiki ya pili sasa, chapati chini ya mto bado zipo ila si kila siku, samaki hapana.

Shida ni kuwa kozi nyingi ni za Kiingereza na zimeandikwa kwa nyumba zisizo zetu. "Mpeleke mtoto kwenye kona yake tulivu." Kona gani, tuko watu sita vyumba viwili. Hawajui kuwa hapa mtoto hulelewa na ukoo mzima, ukibadilisha wewe peke yako na bibi yake anaendelea kumtisha kwa polisi umefanya nusu ya kazi. Kuna zile za Parenting for Lifelong Health, mradi ambao WHO na UNICEF wamo, hizo ziliandikwa zikifikiria nchi kama zetu na kuna vijikaratasi vyao vya Kiswahili, ni za malezi kwa jumla ila kwa mwanzo zinasaidia na unaweza kumsomea bibi.

*Utakuwepo lini?* Daima, ila hairudishi jibu ukiiuliza.

*Inamfaa nani:* Mtu wa kusoma mwenyewe, aliye mbali na mji, na mume anayesema "mimi siendi kukaa kwenye duara na wanawake", huyo mtumie klipu ya dakika tano kila jioni.

Kwa wanaochukua mtoto kwa kafala

Nimeweka kando kwa sababu njia zote nne zinawaacha nyuma kidogo. Mafunzo mengi yanadhani mwisho wa safari ni jina lako kwenye cheti cha mtoto. Kwenye kafala mtoto anabaki na nasaba yake, harithi kama mtoto wa kuzaa ila unaweza kumuachia kwa wasia mpaka theluthi, na swali la umaharimu (kama ni ndugu asiyeweza kuoana na nyinyi au la) akibaleghe ni la kweli ndani ya nyumba, ndo maana wengine wakichukua mtoto mchanga hutafuta njia ya kumnyonyesha ili awe mtoto wa kunyonya. Hayo muulize sheikh au Kadhi mapema. Karatasi na uangalizi ni kwa afisa wa watoto. Lakini mtoto kulia usiku, kung'ata, kuficha chakula, hayo hayana dini, grupu na mshauri watakusaidia sawa na mwingine yeyote.

Sasa wewe uko wapi?

*Bado unafikiria tu.* Anza na kozi ya bure uone kama moyo unatulia au unakimbia, halafu tafuta mzazi mmoja aliyeasili ukae nae mchana mzima nyumbani kwake, watoto wakiwepo. Shirika baadae, wakikuita uwe na maswali yako.

*Mtoto ameingia wiki hii, mdogo, na mambo yanaenda.* Shirika linatosha kwa sasa. Tumia likizo yako yote, punguza wageni hata kama watanuna, na ujiunge na grupu ukae kimya.

*Umechukua mtoto wa miaka sita kwenda juu.* Usisubiri yaharibike. Tafuta mshauri anayejua watoto mwezi wa kwanza, hata sesheni mbili tu, na muombe afisa wa watoto historia yote iliyoko kwenye faili. Pesa ikiwa ya kuchagua kati ya mshauri na godoro jipya, godoro lisubiri.

*Unalea kambo na unajua atarudi kwao.* Afisa wa watoto awe namba ya kwanza kwenye simu yako, na tafuta angalau mlezi mmoja ambaye ameshamrudisha mtoto. Kuaga kuna namna yake, kuna daftari la picha, kuna nguo moja ya kwenda nayo, na kuna ile wiki ya baada ambayo nyumba ina kelele kwa ukimya, na hayo yote atakuelekeza aliyepitia.

*Wewe ni bibi au shangazi.* Kikundi cha kukutana, cha kijiji au cha chama chenu, hata kama si cha walezi tu. Na nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako ujitambulishe, kulea mtoto wa ndugu sasa kunatambulika, usikae kama mtu anayeficha mtoto.

*Uko mbali, mtandao wa kusuasua.* Pakua vidio na vijikaratasi siku ukiwa mjini, na mshauri awe wa simu ya kawaida.

*Unahisi mtoto yuko hatarini, au wewe mwenyewe unaogopa utamuumiza.* Hapo hamna kulinganisha. Piga 116, ni ya watoto, ni bure na iko saa zote.

*Korti ilishaisha zamani, mtoto ameingia ujana na ameanza kuuliza mama yake ni nani.* Huku ndo niliko mimi sasa hivi. Nimerudi kwa yule mshauri wa mchanga, mara moja kwa mwezi, mwanangu anasema mchanga ni wa watoto kwa hivo wanacheza bao. Grupu bado niko, kuna wawili ambao watoto wao wana umri wa wangu na tumejitenga tukafungua letu dogo la watu wanne. Na wiki jana nilipiga simu kwa lile shirika, baada ya miaka saba, kuuliza kama faili ina chochote ambacho hawakuniambia. Wamesema niandike barua. Nimeandika, niko nasubiri.